Mawingu Yasiyo na Mvua

Kwetu Handeni tunayajua mawingu. Huja kutoka upande wa bahari, yakajikusanya meusi juu ya vilima vyetu mpaka kina mama wakaanua nguo na kuingiza kuni ndani. Kisha upepo huyasukuma kaskazini, na jioni tunapata habari kwamba mvua imenyesha Usambara, kwa wenzetu ambao hawakuwa na shida nayo. Sisi hubaki na majembe mkononi. Ndiyo maana mtu wa Handeni akiambiwa kuwa dalili ya mvua ni mawingu, huitikia kwa adabu, lakini hapandi mbegu siku hiyo.

Ajabu ni kwamba watu hao hao, nami nikiwa mmoja wao, katika jambo la homa tuliiamini dalili bila kuuliza swali hata moja. Mwili ukipata joto, hiyo ni malaria. Kichwa kikiuma, malaria. Viungo vikilegea baada ya palizi, malaria. Bibi yangu alitufukiza kwa majani ya mwarobaini. Baba yangu alitununulia klorokwini, ile dawa chungu iliyotufanya tujikune usiku kucha. Nami nilipokuwa mzazi nilifanya kama baba. Hapakuwa na mawingu ya aina nyingine katika anga letu.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu wa sayansi mjini Korogwe. Binti yangu wa pili, aliyekuwa na umri wa miaka 3, alipata homa siku ya Jumatatu. Tukampa klorokwini. Jumatano alikuwa akihema haraka haraka na mbavu zikibonyea ndani kila anapovuta pumzi. Tulimpeleka kituoni, akachomwa sindano ya malaria, tukarudishwa nyumbani. Alifariki Ijumaa kabla ya adhana ya alfajiri. Kwenye kadi yake liliandikwa neno moja tu, nalo ni malaria. Hakuna aliyekuwa ameitazama damu yake, kwa sababu darubini ya pale ilikuwa mbovu. Simlaumu mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaliandika neno hilo moyoni tangu Jumatatu.

Nasimulia haya, msomaji wangu, si kwa kutaka huruma. Nataka tuitazame pamoja historia ya kitu kidogo sana, ukanda mweupe ulio ndani ya kijisanduku cha plastiki kisichozidi urefu wa kidole, ambao leo uko katika zahanati zetu. Watu wengi wanaufahamu kwa matumizi, lakini wachache wamepata kuambiwa umetoka wapi na ndani yake mna nini. Mimi ulinifunza jambo ambalo ualimu wa miaka 30 haukunifunza.

Kumtambua mdudu wa malaria si kazi ya jana. Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, alimwona katika damu ya askari huko Algeria mwaka 1880. Ronald Ross alimkuta ndani ya mbu huko India mwaka 1897. Mwaka uliofuata, Robert Koch, yule Mjerumani aliyegundua vimelea vya kifua kikuu, alipanda milima yetu ya Usambara akichunguza homa hiyo hiyo. Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, mashamba ya katani yakatanda, manamba wakaletwa kutoka mbali, na homa ikapata watu wapya wa kuwaangusha. Baadaye Amani, kule milimani Muheza, pakawa makao ya utafiti wa malaria kwa Afrika Mashariki nzima. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba mkoa wetu wa Tanga ulisahauliwa na wataalamu wa malaria. Tuliishi jirani na baadhi ya watu walioijua malaria kuliko wote duniani.

Lakini elimu hiyo yote ilisimama juu ya chombo kimoja, darubini. Darubini hutaka mwanga, hutaka rangi ya kupaka damu, na zaidi ya yote hutaka jicho lililofundishwa na lisilochoka. Hospitali ya wilaya iliweza kuwa navyo. Zahanati ya kijijini, ambako mama hufika na mtoto mgongoni baada ya kutembea tangu alfajiri, haikuwa navyo. Hapo dawa yenyewe ndiyo iliyofanywa kipimo: ukimeza ukapona, ilikuwa malaria, usipopona, ilikuwa malaria sugu.

Kosa hilo lilikuwa kubwa kiasi gani? Mwaka 2004 Hugh Reyburn na wenzake walichapisha uchunguzi uliofanywa katika hospitali 10 za nchi yetu. Waliwachunguza wagonjwa 4,474 waliokuwa wamelazwa katika hali mbaya na kuambiwa wana malaria kali. Damu zao zilipotazamwa kwa makini, waliokutwa na vimelea walikuwa 2,062, yaani hawakufika nusu. Na hapa ndipo nilipoweka chini karatasi niliposoma mara ya kwanza: katika wale waliokuwa na malaria kweli, walikufa karibu 7 kwa kila 100, katika wale wasiokuwa nayo, walikufa 12 kwa kila 100. Waliokufa zaidi ni wale ambao ugonjwa wao haukupewa jina lake.

Sasa tuuendee ule ukanda. Swali la mafundi lilikuwa hili: je, yawezekana kutengeneza uso, kama vile uso wa karatasi, ambao utakamata kitu kimoja tu kati ya maelfu yaliyomo katika tone la damu, na kuviacha vingine vyote vipite?

Jibu lilitoka katika miili yetu wenyewe. Mtu akiingiliwa na kijidudu, damu yake hutengeneza kingamwili, molekuli zenye ncha mbili zinazoshika umbo fulani na si jingine. Sisi wakulima tunaweza kulielewa hilo kwa mpini wa jembe. Mpini uliochongwa kwa tundu la jembe moja hukaa barabara katika jembe hilo. Ukiuweka kwenye jembe la jirani utacheza na kuchomoka. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, Uingereza, waligundua njia ya kupata kingamwili za aina moja tupu, kwa wingi wowote utakao, kana kwamba fundi mmoja anachonga mipini milioni moja isiyotofautiana hata kidogo.

Nyenzo ya pili ni dhahabu. Watu wa Handeni hawahitaji kuelezwa dhahabu. Tumewaona vijana wakichimba mashimo katika kilima cha Magambazi. Lakini dhahabu ya ukanda haikuja kwa ajili ya thamani yake. Ikifanywa chembe ndogo kiasi kwamba maelfu yake yakipangwa mstari hayazidi unene wa unywele, huacha kuwa ya manjano na kuwa nyekundu kama divai. Tena ina tabia njema: molekuli fulani zikiikaribia hujipanga zenyewe juu yake. Mwaka 1983 Ralph Nuzzo na David Allara, wakifanya kazi Marekani, walionyesha kwamba molekuli zenye salfa zikiwekwa kwenye kimiminika kinachogusa dhahabu huisimamia dhahabu hiyo bega kwa bega, zikafanya tabaka moja tu, bila mkono wa mtu kuzipanga. Kingamwili nazo hujibandika zenyewe juu ya chembe za dhahabu, na juu ya ile karatasi nyeupe iitwayo nitroselulosi. Jambo hili si geni kama linavyosikika. Tazama mchuzi unapopoa: vijiduara vya mafuta hukusanyika juu, na hakuna aliyeviita. Kila kitu hutafuta mahali ambapo hali yake inatulia. Kazi ya fundi ni kuandaa mazingira, kisha kuviacha vitu vijipange.

Kimelea cha malaria yetu kali, kiitwacho falsiparamu, humwaga ndani ya damu protini yake maalumu, ambayo wataalamu huiita HRP2. Tone la damu likiwekwa kwenye ukanda pamoja na matone ya dawa ya maji, protini hiyo hukamatwa na kingamwili zilizobeba chembe za dhahabu. Vyote pamoja husafiri kwenye karatasi kama maji yanavyopanda kwenye utambi. Katikati ya safari kuna mstari usioonekana wa kingamwili nyingine zinazoingoja protini ile ile. Ikiwapo, hunaswa, dhahabu hujikusanya hapo, na mstari mwekundu hujitokeza. Isipokuwapo, dhahabu hupita bila kusimama hadi kwenye mstari wa mwisho, ambao kazi yake ni kuthibitisha kwamba kipimo kilifanya kazi.

Lakini kuna jambo moja ambalo nililifahamu baadaye sana, nalo ndilo kiini cha maandishi haya. Kumbe uso unaokamata vizuri hautoshi. Karatasi ile kwa asili yake ni mlafi. Ikiachwa hivi hivi itanata kila protini ipitayo, na mstari utajitokeza kwa kila mtu, mgonjwa na mzima. Kwa hiyo baada ya kingamwili kukaa mahali pake, nafasi zote zilizobaki hufunikwa kwa protini nyingine isiyo na kazi, kama vile ile ya maziwa, ili zisishike kitu. Ufundi wa ukanda ni nusu kukubali na nusu kukataa. Usiojua kukataa si kipimo, ni gundi.

Historia ya kipimo hiki inatuhusu kwa karibu. Mmoja wa mwanzo kabisa wa aina hii ulijaribiwa papa hapa Tanzania, na mwaka 1993 Clive Shiff, Zul Premji na Japhet Minjas walichapisha matokeo yake. Mnamo 2001 nchi yetu iliiacha klorokwini iliyokuwa imeshindwa na vimelea. SP ikashika nafasi yake, nayo ikachoka upesi. Na kufikia mwaka 2007 tulikuwa tumeingia katika dawa mseto, ile tunayoiita ALu. Dawa ilikuwa na gharama kubwa kuliko zilizotangulia, na haikuwa busara kuigawa kwa kila mwenye joto. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza.

Basi, msomaji wangu, ungetazamia kwamba ukanda ulipofika mambo yalinyooka. La hasha. Mwaka 2007 Reyburn na wenzake walichapisha uchunguzi mwingine, safari hii wa hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa wengine walipimwa kwa darubini, wengine kwa ukanda. Katika wale ambao darubini ilisema hawana malaria, 51 kati ya 100 walipewa dawa ya malaria hata hivyo. Katika wale ambao ukanda ulisema hivyo hivyo, walikuwa 54. Uso wa molekuli ulikuwa umejifunza kukataa. Sisi wanadamu tulikuwa bado.

Nasema sisi, na nina sababu. Mwaka 2014, nikiwa nimestaafu na kurudi Handeni, mjukuu wangu wa miaka 4 alishikwa na homa. Nilimpeleka zahanati. Muuguzi, binti ambaye umri wake ulikuwa kama wa wale niliowafundisha mwisho mwisho, alimtoboa kidole, akaweka tone, akageuza saa yake ya mkononi na kutuambia tungoje. Tukakaa kwenye benchi. Nilizihesabu zile dakika. Mstari mmoja tu ulijitokeza, ule wa mwisho.

"Shikamoo Mwalimu," akasema aliporudi, maana mwanzoni hakuwa amenitambua. "Mtoto hana malaria."

"Marahaba mwanangu. Hebu mpe tu ile dawa ya mseto. Mimi homa hii naijua."

"Mwalimu, kipimo kinasema hana."

"Vipimo vinakosea. Mpe, kama hana haitamdhuru."

Nilikuwa nimeinua sauti, na kina mama waliokuwa kwenye foleni walikuwa upande wangu. Mmoja alisema wazi kwamba siku hizi wanatunyima dawa. Binti yule hakujibizana na mimi. Alimfungua mjukuu wangu vifungo vya shati, akaitazama saa yake, akahesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima bila kusema neno. Kisha akasema, "Babu, njoo utazame hapa." Akanionyesha mbavu.

Zilikuwa zikibonyea ndani.

Sikuweza kusimama, nikakaa. Nilikuwa nimekwisha kuziona mbavu hizo, miaka 28 iliyopita, nikazibeba hadi kituoni na kurudi nazo nyumbani pamoja na jina ambalo halikuwa lake. Alikuwa na kichomi, yaani nimonia. Alipewa dawa ya antibiotiki ya kuanzia na barua ya kwenda hospitali, na sasa ni kijana anayenizidi kimo. Kuhusu binti yangu, siwezi kuapa. Hakupimwa, na marehemu hasemi. Lakini najua kwamba kama binti yule wa zahanati angenistahi kama mila inavyotaka mwalimu mzee astahiwe, akanipa nilichoomba, ningeondoka na dawa mkononi nikiwa nimeridhika kabisa.

Nisije nikadhaniwa kwamba nauabudu ukanda. Una mipaka yake. Ile protini hubaki katika damu kwa majuma kadhaa baada ya vimelea kufa, hivyo mtu aliyepona anaweza kuonekana bado mgonjwa. Tena wataalamu wamegundua vimelea vilivyopoteza kabisa uwezo wa kutengeneza HRP2. Vimeenea sana katika Eritrea na Ethiopia, na hivyo huupita ukanda kama mwizi anayepita mlinzi anayemjua kwa kofia yake tu, naye ameivua. Kila uso uliochongwa kwa umbo moja utasumbuliwa siku umbo litakapobadilika. Na zaidi ya hayo, ukanda husema kisicho; hausemi kilicho. Hapo anahitajika mtu wa kuhesabu pumzi.

Korogwe imechangia pia upande wa pili wa elimu hii. Ikiwa mtu anaweza kutengeneza uso wa kukikamata kimelea, je, aweza kuufundisha mwili ujitengenezee wenyewe? Chanjo iitwayo RTS,S ilijengwa kwa wazo hilo. Kipande cha protini ya kimelea kiliunganishwa na protini ya uso wa kirusi cha homa ya ini, kisha chembe za hamira, jamaa za zile za kuumulia mandazi, zikapewa kazi ya kuzitengeneza. Protini hizo zikitengenezwa hujikusanya zenyewe zikawa vijitufe vidogo mno, vikiwa na vipande vya malaria vimejipanga juu ya uso wake. Mwili ukiviona hutengeneza kingamwili zake. Kuanzia mwaka 2007 watoto 894 wa Korogwe na Kilifi walishiriki katika jaribio lililowahusisha watafiti kama John Lusingu wa taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na matokeo yaliyotoka mwaka 2008 yalionyesha kinga ya asilimia 53 katika muda wa wastani wa miezi 8. Korogwe na Bagamoyo zikaingia pia katika jaribio kubwa la watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika. Matokeo ya mwisho, mwaka 2015, yalikuwa ya kiasi zaidi: kwa watoto wa miezi 5 hadi 17 waliochanjwa mara 4, visa vya malaria vilipungua kwa asilimia 36 katika muda wa takriban miaka 4. Mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza itumike. Ni chanjo ya kwanza ya malaria kufika hapo, na miongoni mwa mikono iliyochomwa sindano ili ifike hapo imo mikono midogo ya Korogwe.

Malaria yenyewe haikukaa kusubiri chanjo. Katika vijiji vya tambarare vya Korogwe vilivyofuatiliwa na watafiti, mwaka 2003 watu 78 kati ya 100 walikutwa na vimelea. Mwaka 2008 walikuwa 13. Ni habari njema, lakini ina fundisho ndani yake. Kadiri malaria inavyopungua, ndivyo homa nyingi zaidi zinavyokuwa za kitu kingine, na ndivyo mazoea yetu ya zamani yanavyozidi kuwa hatari. Neno lililokuwa kweli kwa babu linaweza kumwua mjukuu.

Juma lililopita mawingu yalikuja tena juu ya vilima vyetu. Mke wangu alianua nguo. Mjukuu wangu, yule yule, alikuwa amekaa nami barazani, akaniuliza kama leo mvua itanyesha. Zamani ningemjibu papo hapo, maana mwalimu haachi swali likalala. Nilimwambia sijui, tungoje tuone. Tukakaa tukitazama juu, na mkononi mwangu nilikuwa na jembe ambalo mpini wake ulikuwa umelegea.